Taa za kuamrishwa kwa sauti: panga swichi kwanza, spika ije mwisho

Mtu akitaka taa za kuwasha kwa sauti, kitu cha kwanza anachonunua huwa ni spika. Ndiyo inayoonekana kwenye matangazo, ndiyo inayojibu, na ndiyo wageni wanayoiulizia. Halafu ananunua balbu mbili tatu, anazifunga, anaamrisha, zinawaka, watoto wanashangilia. Wiki inayofuata umeme unakatika usiku, unarudi saa tisa, na balbu zote zinawaka kwa mwanga kamili machoni mwa waliolala. Kesho yake mtoto anazima ukutani kama alivyozoea, na spika inasema haiioni taa. Kisha kifurushi cha intaneti kinaisha. Mwezi haujapita, spika imebaki ya kupigia muziki.

Vifaa vyote hivyo ni vizima. Kilichoharibika ni mpangilio, ulioanzia mwisho. Kwa nyumba za kwetu Uganda naamini utaratibu unaofaa ni kuanza na taa yenyewe, kisha swichi, kisha mtandao, na sauti iwekwe juu ya nyumba ambayo tayari inafanya kazi bila kuzungumzishwa. Nitaeleza sababu, kwa kuwa ukizielewa utajipangia mwenyewe hata kama nyumba yako haifanani na ninazozitolea mfano.

Safari ya amri moja

Fuata amri moja kutoka mdomoni hadi kwenye balbu. Spika husikiliza muda wote, lakini ndani yake inatafuta neno moja tu la kuiamsha. Ikilisikia, hurekodi sentensi inayofuata na kuituma kupitia ruta yako, nje ya nchi, hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni iliyoitengeneza. Huko sauti inageuzwa maandishi, maandishi yanageuzwa agizo, na mara nyingi agizo linapitishwa kwenye seva za kampuni nyingine, ile iliyotengeneza balbu. Hiyo ndiyo inayorudisha ujumbe kwenye ruta yako, na ruta inaupeleka kwenye balbu. Yote yanaisha kwa sekunde moja au mbili, ndiyo maana ni rahisi kusahau kwamba neno lililotamkwa kwenye kochi limetoka nje ya Afrika kabla ya kufika darini.

Nchi yetu haina pwani. Intaneti yetu kubwa hupita Kenya na Tanzania hadi kwenye nyaya zilizolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa bara, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, jioni ya tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Nyumba ambayo taa zake hazina njia nyingine ya kuwashwa isipokuwa safari hiyo ndefu ingekaa gizani siku zote hizo huku umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, upo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla ya bei na kabla ya rangi za mwanga, ni hili: intaneti ikikatika, taa hii itawashwaje? Majibu yanagawanyika kufuatana na teknolojia iliyomo ndani.

Balbu nyingi za bei nafuu hutumia Wi-Fi. Zinaingia moja kwa moja kwenye ruta, hazihitaji kifaa cha katikati, na nyingi, hata zikiwa na majina tofauti kwenye boksi, zimejengwa juu ya mfumo wa kampuni moja ya Hangzhou, China, iitwayo Tuya. Kuanza nazo ni rahisi. Ila kila balbu inahesabiwa kwenye ruta kama simu moja zaidi, na zile ruta ndogo za kubeba mfukoni mara nyingi hugota kwenye vifaa kumi au zaidi kidogo. Tena husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Kama ruta yako ina majina mawili ya mtandao, la gigahezi 2.4 na la 5, balbu itafungwa kwenye hilo la kwanza, na simu yako iwe hapohapo wakati wa kuisajili.

Zigbee ni njia nyingine. Ina redio yake yenye nguvu ndogo, na inahitaji kitovu kimoja kinachounganishwa na ruta. Philips Hue, iliyoingia sokoni mwaka 2012, imejengwa juu yake. Uzuri wake ni kwamba balbu hupokezana ujumbe, ya sebuleni ikaifikishia ya korido, na hilo linasaidia sana kwenye kuta za matofali ya kuchoma na zege. Kitovu kinaweza kuziamrisha bila intaneti. Na tangu Oktoba 2022 kuna kiwango kinachoitwa Matter, kilichokubaliwa na Amazon, Google, Apple na wengine, kinachoruhusu kifaa cha kampuni moja kuamrishwa na cha kampuni nyingine ndani ya nyumba, bila kuzunguka kwenye seva za mtengenezaji wa balbu. Sauti yako bado itakwenda nje kutafsiriwa, lakini simu na vitufe vitaendelea kufanya kazi. Nikiambiwa nichague leo kati ya balbu mbili za bei inayokaribiana, moja ina alama ya Matter na nyingine haina, sitafikiri mara mbili.

Balbu au swichi

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ndipo ningekuomba utulie zaidi.

Balbu janja ina redio ndani yake, na ili isikie amri lazima umeme uifikie saa zote. Maana yake swichi ya ukutani isizimwe kamwe. Jaribu kuieleza nyumba yenye watoto watatu, dada wa kazi na wageni wa Jumapili kwamba swichi haiguswi. Mtu akiingia chumbani gizani mkono wake unakwenda ukutani wenyewe, na si kosa lake. Swichi iliwekwa pale ili iguswe. Ikizimwa, balbu inapotea kwenye mtandao. Ikiwa ni ya Zigbee, inapotea pamoja na zile zilizokuwa zikiitegemea kupokezana ujumbe.

Swichi janja, au relei ndogo, yaani kijiswichi kinachoamrishwa kwa redio na kufichwa nyuma ya swichi ya kawaida, inaondoa ugomvi huo. Ukibonyeza ukutani taa inawaka, ukiamrisha inawaka, ukitumia simu inawaka, na siku spika ikifa hakuna atakayekaa gizani. Balbu inabaki ile ya kawaida ya madukani Nabugabo, Kampala, na ikiungua unabadilisha bila kusajili chochote. Unachokosa ni rangi, na mara nyingi kupunguza na kuongeza mwanga pia. Kwa nyumba ya familia ninayoimiliki mwenyewe ningechagua swichi karibu kila chumba, na balbu janja moja tu pale ninapotaka mwanga wa kupungua jioni.

Lakini swichi ina kikwazo ambacho wengi hukigundua baada ya kulipa. Fungua kisanduku cha swichi katika nyumba zetu nyingi na utakuta nyaya mbili: laivu, yaani waya unaoleta umeme, inayoingia, na ile inayopanda kwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kuurudisha umeme, haipo, imeishia juu darini. Ni utaratibu tuliourithi kwa Waingereza pamoja na plagi ya miguu mitatu. Swichi ya kawaida haina shida nao kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga njia tu. Swichi janja ina redio inayokula umeme hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro njia yake ya umeme haikamiliki.

Zipo swichi zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba zisizo na nyutro ukutani. Hizo hupitisha umeme kidogo sana kwenye balbu yenyewe muda wote, na balbu ndogo ya LED inaweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Ndiyo maana huja na kifaa kidogo cha kufungwa sambamba na balbu ili kunyonya umeme huo. Njia safi zaidi ni kumwomba fundi avute waya wa nyutro kwenye bomba lililomo ukutani, kama bomba lina nafasi. Kama ndiyo kwanza unajenga, iwe Kira, Mbarara au Gulu, mwambie fundi leo hii aache nyutro kwenye kila kisanduku cha swichi na aweke visanduku vyenye kina cha milimita 35 au zaidi. Gharama yake wakati wa kujenga ni ndogo sana ukilinganisha na kubomoa plasta baadaye. Hata kama hutaki taa janja mwaka huu, mwambie.

Korido na ngazi zenye swichi mbili kwa taa moja zina nyaya zake za ziada, na si kila relei inazielewa. Ziache kwa awamu ya pili.

Kazi yote hii ni ya volti 240. Zima swichi kuu kabla ya kufungua chochote, na muombe fundi akuonyeshe kibali chake. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, ndiyo inayotoa vibali vya kufunga nyaya za umeme majumbani.

Na mpangaji je? Mwenye nyumba hatafurahi kuona ukuta wake umefunguliwa. Kwako balbu janja ndiyo jibu, pamoja na kitufe cha betri kinachobandikwa juu ya swichi. Mkono ukienda ukutani unakutana na kitufe, taa inatii, na umeme haukatiki. Ukihama unaondoka navyo vyote.

Kabla ya kununua balbu yenyewe, tazama holda. Nyumba zetu zina za pini, yaani B22, na za kuzungusha, yaani E27, na mara nyingi zimechanganyika ndani ya nyumba moja. Ndugu akikutumia balbu kutoka Marekani, soma maandishi yake kabla ya kuifunga: nyingi za kule ni za volti 120, na za kwetu zitaiua papo hapo. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Takriban 800 ndizo zilizokuwa zikitolewa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Rangi hupimwa kwa kelvini: 2700 ni manjano tulivu ya sebuleni na chumbani, 6500 ni nyeupe kali inayofaa kazi, ila usiku inachosha macho.

Umeme wetu na tabia zake

Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. Msambazaji yeyote awe nani, mpangilio wa taa zako lazima ukubali kwamba umeme utakatika, na uamue mapema nini kitatokea ukirudi.

Programu za balbu na relei nyingi zina mpangilio unaoamua hilo, na nafasi ni tatu: iwake, ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa. Balbu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuwaka, ndiyo maana watu huamshwa usiku. Chumbani weka irudi ilivyokuwa. Lakini usifanye hivyo kwa nyumba nzima bila kufikiri. Balbu janja ambayo mtandao wake umekufa ina njia moja tu ya kuwashwa, nayo ni kuzima na kuwasha swichi ya ukutani. Ukiiambia irudi ilivyokuwa, na ilikuwa imezimwa, njia hiyo umeifunga. Kwa hiyo korido, jikoni na mlangoni ziache ziwake. Anayetembea gizani kwenda chooni anahitaji mwanga kuliko wewe unavyohitaji unadhifu wa mpangilio.

Ruta nayo huzimika umeme ukikatika, hata kama nyumba ina inveta inayobeba taa. Betri ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta itaishikilia kwa saa kadhaa, maana nyingi hazizidi wati 10 au 12. Ukiwa na inveta, hakikisha ruta na kitovu vimo kwenye soketi inazozilisha. Taa za sola za volti 12, zile za paneli ndogo ya juu ya paa, ni mfumo wa peke yake. Balbu janja ya volti 240 haiingii humo.

Halafu kuna ulaji. Balbu janja iliyozimwa haijalala kabisa: redio yake hula kama nusu wati. Nusu wati kwa saa 19 za kuzimwa kwa siku 30 ni uniti 0.285. Balbu hiyohiyo ya wati 9 ikiwaka saa tano zilizobaki kila usiku inakula uniti 1.35 kwa mwezi. Maana yake kusikiliza tu kunaongeza zaidi ya asilimia 20. Kwa balbu kumi ni uniti 2.85, na kwa bei ya nyumbani iliyozidi shilingi 700 kwa uniti mwaka 2025, hiyo ni kama shilingi 2,000 kila mwezi kwa taa zilizozimwa. Si fedha ya kumzuia mtu, lakini inamnyima muuzaji haki ya kukuambia kwamba balbu janja itakupunguzia Yaka. Kinachopunguza Yaka ni LED, na hiyo ipo hata isiyo janja.

Taa ya barazani na ya getini hazihitaji sauti hata kidogo. Zinahitaji saa. Sisi tuko kwenye ikweta, na jua la Kampala huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika kumi jioni mwaka mzima. Watu wa Ulaya hununua mifumo inayofuata machweo kwa sababu kwao yanahama kwa masaa. Wewe weka iwake 18:30 na izimwe 6:45, basi. Kisha chomoa intaneti kwenye ruta jioni moja na usubiri uone kama taa itawaka yenyewe. Ikiwaka, ratiba imehifadhiwa ndani ya nyumba. Isipowaka, imehifadhiwa kwenye seva za mbali, na hiyo si taa ya kuikabidhi ulinzi.

Sasa sauti

Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, kifundishwe kwa lazima shuleni. Spika za Amazon na za Google bado hazina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake, wala Kiluganda. Jambo hili linaniuma kuliko kasoro nyingine yoyote ya teknolojia hii, kwa sababu anayenufaika zaidi na taa ya sauti ni mtu ambaye kuinuka ni kazi: bibi mwenye magoti mabovu, mgonjwa, mtu asiyeona. Mara nyingi huyo ndiye asiyezungumza Kiingereza cha kueleweka na mashine.

Kwa hiyo usimpangie sauti. Mpangie sensa ya mwendo. Akishusha miguu kitandani, taa hafifu ya njiani inawaka. Akirudi na kutulia, inazimika baada ya dakika chache. Haimdai lugha yoyote, haitaki intaneti ikiwa ni ya Zigbee au Matter kwenye kitovu chake, na inafanya kazi hata mvua inapopiga mabati kwa kelele ambayo hakuna spika inayoweza kusikia mtu juu yake.

Kwa wanaotumia Kiingereza, siri ipo kwenye majina. Ukiita taa Sebule, mashine inayosikiliza Kiingereza itakisia neno lingine. Ipe kila taa jina fupi ambalo mashine inalijua na lisilofanana na la jirani yake. Jaribu majina maarufu kama Nile au Nairobi, watoto watayashika siku hiyohiyo. Kisha, kwenye programu, iweke spika katika kundi moja na taa za chumba ilimo. Ukiamrisha tu taa ziwashwe, bila kutaja jina, zitawaka za chumba hicho.

Mwenye hamu ya Kiswahili na muda wa kujifunza anayo njia. Home Assistant ni programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwako, na inakuruhusu kuandika sentensi zako mwenyewe, ukaiambia kwamba "washa taa ya barazani" maana yake ni kitu fulani. Kusikia kunaweza kufanywa na Whisper, mfumo uliotolewa mwaka 2022 ambao Kiswahili kimo kati ya lugha zake, ingawa unakifahamu kwa udhaifu kuliko Kiingereza na unataka kompyuta yenye nguvu, la sivyo utasubiri. Si kazi ya mwezi wa kwanza. Lakini inawezekana, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamekuwa wakikusanya sauti za Kiluganda kwenye hazina ya wazi ya Common Voice, ambamo Kiswahili pia kimo. Kila rekodi inayoongezwa pale inasogeza siku ambayo bibi ataamrisha kwa lugha yake.

Kuhusu faragha, ujue unachokubali. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 Marekani kumaliza madai kwamba ilihifadhi rekodi za sauti za watoto kinyume cha sheria, na tangu tarehe 28 Machi 2025 iliondoa chaguo lililowaruhusu baadhi ya wateja kuzuia rekodi zao zisitumwe kwenye seva zake. Spika nyingi zina kitufe cha kuzima maikrofoni. Wafundishe watu wa nyumbani kilipo, na usiiweke spika chumbani mnamozungumzia mambo ya familia.

Ukiwa tayari, anza na sehemu mbili tu: taa ya barazani kwa ratiba, na sebule kwa swichi, au kwa balbu na kitufe. Ziache hivyo kwa wiki kadhaa, umeme ukatike na kurudi, intaneti iishe na kurudi, wageni waje na kuondoka. Zikistahimili, jaribu sauti kwa msaidizi aliyemo kwenye simu yako. Jaribio hilo haligharimu kitu, na litakuonyesha kama watu wa nyumbani wanapenda kusema au wanapenda kubonyeza. Baada ya hapo ndipo ununue spika. Iweke mbali na dirisha, asije mpita njia akaiamrisha kutoka nje, na usiiunganishe na kufuli la mlango wala la geti. Ukihama na kumwachia mwingine swichi zako, ziondoe kwanza kwenye akaunti yako na uzirudishe kwenye hali ya kiwandani, la sivyo mpangaji mpya atalala katika nyumba ambayo taa zake bado zinakutii wewe.